Chumba cha Pasi Hakikuwemo Kwenye Orodha Yangu

Tangu niache kazi, ninyi wenzangu mliobaki kiwandani mmeshanipigia simu mara nne kuniuliza fomu ya uanachama inajazwa vipi mtu asipokuwa na kitambulisho. Jibu lake ni fupi, nitalitoa mahali pake. Lakini mimi nililipata kwa kuchelewa, na mnapaswa kujua kuchelewa kwangu kulileta nini. Kwa hiyo vumilieni, nianze mbali kidogo.

Niliingia kiwandani nikiwa na miaka kumi na saba, familia yetu ikiwa bado inafungua mizigo Chatsworth, hapa Durban, baada ya serikali ya ubaguzi kutuhamisha kutoka Bluff. Watu wa kwetu huitwa Wazanzibari, ingawa mimi hicho kisiwa sijawahi kukiona hata kwa mbali. Serikali ya wakati ule ilihangaika tuwekwe fungu gani, mwisho ikatuandika pamoja na Waasia. Sikujua kwamba uandishi huo ungenifuata mpaka kwenye cherehani.

Aliyepewa kazi ya kunifundisha aliitwa Thoko, msichana wa Kizulu, mkubwa kwangu kwa miaka mitatu. Somo lake la kwanza halikuhusu kushona. Alisema ukitaka kutunga uzi kwenye sindano, ondoa kwanza mguu kwenye pedali. Sikumsikiliza. Kabla ya chakula cha mchana sindano ilikuwa imepita katikati ya ukucha wangu. Thoko hakupiga kelele. Alilizungusha gurudumu la mashine kwa mkono, kinyumenyume, polepole, sindano ikatoka. Akanifunga kipande cha bitana, akaniambia niendelee kushona kwa sababu msimamizi alikuwa anakuja. Ukucha ule mpaka leo unaota na mfereji.

Wiki ya pili alikuja mtu wa chama cha wafanyakazi na fomu zake. Akanipa moja, akairuka mashine ya Thoko, akampa msichana wa Kihindi aliyekaa upande wa pili. Nilidhani hakumwona. Kumbe sheria haikumruhusu Mwafrika kuingia chama kilichosajiliwa. Mimi mwenye siku nane kazini nikapata kadi. Thoko aliyenitoa sindano kidoleni hakupata.

"Weka sahihi," aliniambia bila kuinua macho. "Ukisema wewe, labda watasikia wawili."

Alingoja karibu miaka ishirini. Sheria ilipobadilika, Thoko alikuwa wa kwanza kwenye mstari wetu wa cherehani kujaza fomu, na mwaka uliofuata tulimchagua kuwa mwakilishi wetu, mimi nikiwa msaidizi wake. Miaka hiyo tulikuwa zaidi ya mia nne kiwandani, na wasiokuwa na kadi wangeweza kukaa wote kwenye meza moja ya kantini. Fomu zilikuwa zinatuishia. Nilikuwa nazirudufu kwenye duka moja la Umbilo Road wakati wa chakula, narudi mbio nikiwa bado natafuna. Ikiwa kuna kitu kilichotuharibu, nadhani ni hicho: tulizoea watu kuja wenyewe.

Kisha ikaja miaka ya tisini, nchi ikafunguka, tukapiga kura, tukalia kwa furaha. Na makontena nayo yakafunguka. Mashati yakaanza kuingia kutoka nje, yameshashonwa, yamepigwa pasi, yana vifungo vya akiba ndani ya kimfuko, na bei yake haikufika hata gharama yetu ya kitambaa. Mstari wa kwanza kufungwa ulikuwa wa mashati. Baadaye sare za shule. Kila Ijumaa nilikuwa namtazama msimamizi akitoka ofisini kutaja mstari unaofuata.

Meneja wetu, Bwana Pillay, hakuwa mtu mbaya, nalisema hilo kwa sababu wengi mtataka awe mbaya ili hadithi iwe rahisi. Alikuwa na hofu kama sisi, ila hofu yake ilikuwa na kalamu. Alianza kuwaita washonaji hodari mmoja mmoja. Mpango wake ulikuwa huu: uchukue mashine mbili nyumbani kwako, kiwanda kikuletee suruali zilizokatwa, uzishone na jamaa zako kwa kiasi utakachoweza. Hutakuwa tena mfanyakazi, utakuwa mkandarasi. Mkandarasi hana likizo, hana mwakilishi, na hana chama.

Nilikuwa na orodha ya wanachama kwenye daftari la jalada gumu, jina na namba ya mashine. Mwaka ule nilikuwa nakata majina kwa mstari kuliko kuandika mapya. Asubuhi moja Thoko alinikuta kwenye kabati za kubadilishia nguo. Alikuwa amevaa nguo zake za nyumbani.

"Zuhura, mimi nikate leo," akasema. "Usingoje mpaka usikie kwa watu."

Nikadhani ananitania. "Wewe? Wewe uliyengoja kadi miaka yote ile?"

"Nilingoja nikiwa na nguvu. Binti yangu anaumwa, wajukuu watatu wako kwangu Umlazi, hakuna wa kuwatazama mchana. Mashine ikiwa jikoni nitashona nikiwaona."

"Na sisi?"

"Eish, Zuhura. Usiniulize hivyo."

Akanipa funguo za kabati la fomu, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akatoka. Ndivyo nilivyokuwa mwakilishi. Hakukuwa na uchaguzi wa maana, kwa kuwa hakukuwa na mwingine aliyetaka. Jina lake sikulikata siku ile wala siku iliyofuata. Nililikata Jumatatu, kwa rula.

Katika majira hayo chama kilituletea mgeni. Alikuwa Mmarekani, Leonard jina lake, mzee mrefu aliyekata makoti ya kiume kiwandani kwa miaka thelathini, kidole chake cha shahada kimepungua ncha. Alizungumza nasi Jumamosi mchana kwenye ukumbi mdogo karibu na Umbilo Road. Tulikuwa watu kama arobaini, na mwenzetu mmoja alikuwa anatafsiri kwa Kizulu. Nilikwenda nikitarajia kutiwa moyo. Marekani, nilijiambia, huko ndiko mambo yako imara.

"Nilipoanza kazi," alisema, "kwetu karibu mfanyakazi mmoja kati ya watatu alikuwa na kadi ya chama. Leo labda ni mmoja kati ya saba. Na ukitoa walimu na watu wa serikali, ukabaki na viwanda na maduka ya watu binafsi, ni wachache kuliko hapo."

Mama mmoja nyuma akauliza: "Wengine walikwenda wapi?"

Leonard alijibu akihesabu kwa vidole. Akasema viwanda vya mji wake vilihamia kwanza kusini mwa nchi yao, kwenye majimbo ambayo vyama havikuwa na nguvu. Kisha vikavuka mpaka, kisha bahari. Akasema matajiri walijifunza kukodi mawakili kabla ya kuongea na wafanyakazi. Akasema kazi mpya zilizaliwa mahotelini, hospitalini na madukani, na chama chake kilichelewa kwenda huko. Halafu akaongeza neno ambalo sikulala vizuri kwa ajili yake wiki nzima.

"Kwenye kiwanda changu mwishoni waliingia wageni, kutoka Mexico, kutoka China. Tuliwapita mlangoni kila asubuhi. Tulisema, hawa hawatakaa. Basi, hawa walikaa. Sisi ndio hatukukaa."

Watu wakapiga makofi ya adabu. Mimi nilikuwa natazama viti. Mkalimani wa Kizulu alikuwepo. Wa Kiswahili hakuhitajika, kwa sababu mimi, mtu pekee mwenye kuzungumza Kiswahili katika uongozi wa kiwanda chetu, sikuwa nimemwalika hata mmoja wa wenzetu wanaokisema.

Kiwandani kwetu kilikuwepo chumba cha pasi. Kiko nyuma, kina mvuke na joto la kumtoa mtu ngozi, na wenyeji walikuwa wamekikimbia. Kwa miaka miwili hivi kilikuwa kimejaa Wakongo na Watanzania, watu kumi na mmoja. Niliwajua. Nilikula nao sambusa, niliwauliza habari za watoto, na Kiswahili changu cha bibi yangu na cha chuo cha Kurani walikinoa kwa kunicheka. Kwenye daftari langu hawakuwemo. Nilijidai kwamba ni wapita njia. Ukweli wenyewe ni wa aibu zaidi. Kwenye mistari walikuwepo watu waliosema wazi kwamba wageni wanatunyang'anya kazi, na mimi, Mzanzibari wa Chatsworth niliyezaliwa Durban na bado naulizwa kwetu ni wapi, niliogopa kusimama karibu nao mno.

Barua ya Bwana Pillay ilikuja wiki mbili baada ya mkutano ule. Kiwanda kilikuwa na wafanyakazi mia moja na sitini na wawili. Alikuwa na sababu ya kuamini, aliandika, kwamba chama hakina tena zaidi ya nusu yao. Aliomba hesabu ifanywe mbele ya mtu wa nje. Tukishindwa, hakuna mwakilishi anayetambuliwa, hakuna mikutano kantini, na mtu akiitwa ofisini ataingia peke yake. Nilihesabu daftari usiku huohuo: sabini na tatu. Tulihitaji themanini na wawili. Siku zilikuwa kumi na mbili.

Kwenye mistari nilipata wanne kwa shida. Wengine walikuwa wananiona nikija wanainamia kazi. Siku ya tisa nikaenda chumba cha pasi.

Aliyekuwa anasikilizwa mle ndani ni Mama Furaha, mwanamke wa Kikongo kutoka Uvira, mfupi, mwenye sauti ya chini. Kila mmoja alimwangalia yeye kabla ya kujibu. Nikamweleza. Akaweka pasi kwenye kisahani chake, akafuta uso.

"Mama Zuhura, leo njo unatuona?"

Alimaanisha ndiyo leo tu nimewaona. Nikasema, "Ndiyo. Nimechelewa."

"Bon, sawa." Akaichukua fomu, akaisoma kwa kidole mpaka mstari wa kitambulisho. "Hapa sasa iko shida. Mi siko na kitambulisho. Iko hii karatasi tu ya kuomba hifadhi, na kila miezi mitatu inakufa, tunaenda kupanga mustari ili waifufue."

Hilo ndilo swali lenu. Nililipeleka ofisi ya chama, na jibu lilikuwa hili: andika namba ya karatasi ya hifadhi pale pa kitambulisho, andika kwa kalamu ni karatasi gani, na ambatanisha nakala. Inakubalika. Nilirudi mbio kumwambia, nikidhani shida imekwisha.

"Na jina yangu itaenda kwa patron?" akauliza, akimaanisha meneja.

"Itakwenda. Ni lazima aone orodha."

"Akikasirika, akasema siku ile ya kufufua karatasi hanipe ruhusa ya kutoka kazini? Ama akapigia watu wa uhamiaji simu?"

"Sheria inakulinda kwa kuwa mwanachama."

"Sheria. Wewe unaahidi?"

Nilitaka kusema ndiyo. Siku tatu zilikuwa zimebaki na ulimi ulikuwa umeshafika kwenye meno. Nikafikiria watoto wake wawili, nikafikiria dirisha lile wanaloenda kufufulia karatasi, ambalo mimi sijawahi kusimama mbele yake.

"Siwezi kuahidi," nikasema.

Akawageukia wenzake, wakaongea haraka, Kiswahili chao kikichanganyika na Kifaransa mpaka nikapotea. Mwisho sita wakajaza. Yeye hakujaza, na wengine wanne wakabaki naye.

"Hawa hawana watoto huku," akaniambia. "Mi nangoja kwanza. Usikasirike."

Sikukasirika. Nilikuwa na themanini na tatu. Mmoja wa ziada. Usiku wa kuamkia hesabu niliamka mara tatu kuhesabu fomu, kana kwamba zingeweza kutoroka kwenye bahasha.

Hesabu ilifanyika kantini. Mtu wa nje alikuwa bwana mpole mwenye miwani, alilinganisha kila fomu na orodha ya kiwanda, sauti yake haipandi wala haishuki. Bwana Pillay alipinga fomu za chumba cha pasi. Bwana yule akazisoma, akazigeuza, akasema ziko sawa. Nikavuta pumzi. Kisha Bwana Pillay akafungua jalada akatoa karatasi mbili, za washonaji wawili wa mstari wangu mwenyewe. Walikuwa wameandika kujitoa chamani siku iliyotangulia, alasiri, ofisini kwake. Mmoja wao nilikunywa naye chai asubuhi ile.

Themanini na moja. Nusu kamili. Sheria ilitaka zaidi ya nusu.

"Pole, Zuhura," Bwana Pillay alisema watu walipokuwa wanatoka, na nadhani alimaanisha. "Usinichukie. Mimi pia nahesabiwa na watu walio juu yangu." Nilimwomba ruhusa nikakusanye fomu zangu.

Wiki ile niliiona kama matanga. Nilikuwa nimebakiza miezi mitano kustaafu, na nilikuwa namaliza kazi ya maisha yangu nikiwa mwakilishi wa upepo. Mbaya zaidi, majina sita ya chumba cha pasi sasa yalikuwa ofisini, na hawakuwa na wa kuwasemea. Kila nilipomwona karani akielekea nyuma, nilikuwa naacha mashine namfuata. Nilikwenda kule mara mbili tatu kwa siku kwa visingizio: nimekuja kuomba maji, nimekuja kutafuta mkasi.

Alhamisi Mama Furaha akanifuata mwenyewe kwenye mashine yangu, mbele ya mstari mzima, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Hii fomu, bado iko na kazi?"

"Kwa sasa haina," nikamwambia. "Tumeshindwa. Ukijaza leo hupati kitu, isipokuwa jina lako kuonekana."

"Najua. Wale sita wako peke yao." Akaegemea meza yangu akaanza kuandika, herufi kubwa kubwa. "Siku ya hesabu niliogopa, nikasema wengine watatosha. Walipungua moja, mama. Moja! Silali."

Nikamwambia hata mimi silali. Tukacheka kidogo, kicheko cha watu waliochoka. Jioni wale wanne nao walikuwa wameleta fomu. Na kwenye mstari wangu, ambako watu walikuwa wameona yote, yule mshonaji niliyekunywa naye chai akaja akasimama mbele yangu akilia. Sikumkemea. Nilimpa kalamu.

Miezi ile mitano nilimfundisha Mama Furaha kila nilichokijua: kumsikiliza mtu mpaka mwisho kabla ya kufungua kitabu cha sheria, kuandika tarehe na saa ya kila mazungumzo, kutomwahidi mtu kitu ambacho hakiko mkononi mwako. Naye alinifundisha kwenda mahali ambapo sijaalikwa. Alianza kuwatembelea hata wakandarasi majumbani, Isipingo na Umlazi, kwa teksi, siku yake ya mapumziko. Nilimwambia hao hawahesabiki. Akasema, "Watahesabika lini kama hatuwajui?"

Nilistaafu siku ya kawaida, kwa keki. Hesabu ya pili iliombwa na chama wiki sita baadaye. Siku ile nilikaa nyumbani Chatsworth kando ya simu tangu asubuhi, sikupika, sikufagia. Ilipolia saa nane, niliinyakua kabla ya mlio wa pili.

"Mama Zuhura? Tisini na ine, tumepita," akasema Mama Furaha. Nyuma yake kulikuwa na kelele za kantini, walikuwa wameshamchagua awe mwakilishi. Kisha sauti ikashuka. "Lakini patron ameanza kuniita jina yangu yote, na karatasi yangu inakufa Jumatatu. Unaweza kuja na mi?"

Nikaenda. Tulipanga mstari jua likiwa halijatoka, na mbele yetu walikuwepo watu zaidi ya mia. Hakuna aliyeongea kwa sauti. Kila mlango ulipofunguliwa mstari wote ulinyanyuka kama mtu mmoja, kisha ukaketi tena. Mama Furaha alikuwa ameshika karatasi yake ndani ya mfuko wa plastiki kwa mikono yote miwili. Aliniambia kwamba safari zote zilizopita alikuwa haogopi, leo anaogopa, hajui kwa nini. Mimi nilijua. Jina lake lilikuwa sasa limeandikwa mahali pengine pia, ofisini kwa Bwana Pillay, na mmoja wa walioliweka pale nilikuwa mimi.

Dirishani, saa tano kasorobo, afisa alichukua karatasi, akaikunjua, akauliza bila kumtazama.

"Kazi?"

Mama Furaha alisogea karibu na kioo. Angeweza kusema mpiga pasi, ikaisha. Hilo ndilo lililokuwa limeandikwa.

"Mpiga pasi," akasema kwa Kiingereza chake, "na mwakilishi wa wafanyakazi."

Afisa akainua kichwa. Alimtazama yeye, akanitazama mimi, akarudi kwenye karatasi. Akachukua mhuri, akaugonga, akaandika tarehe: miezi mitatu. Akaisukuma karatasi chini ya kioo, akamwita anayefuata.

Nje Mama Furaha aliisoma tarehe mara mbili, akaikunja, akaitia ndani ya blauzi. Nilitaka tukae mahali tunywe chai. Alikuwa ameshaanza kutembea.

"Baadaye, mama," akasema. "Leo saa sita iko mtu anaitwa ofisini kwa patron. Lazima niingie na yeye."